Usubi wa Pangoni

Maina ndiye aliyetumwa. Wachimba mawe wenzake walikuwa wamejikusanya ng'ambo ya barabara wakijifanya wanakagua tairi la lori, na yeye, kwa kuwa ndiye aliyezoeana zaidi na Rahab, akavuka peke yake hadi kibandani. Alipofika alivua kofia. Rahab alipoona kofia imevuliwa alijua kijana huyu hakuja kula.

"Habari ya asubuhi, Mama Jackie."

"Nzuri. Waite wengine, maharagwe yameiva."

Maina akaizungusha kofia mikononi. "Mathe, usinichukulie vibaya. Sio mimi. Ni majamaa. Wanasema hiyo kitu kwa uso inatoa maji, na wewe ndiye unakanda unga."

"Naiosha kila siku. Naifunika."

"Najua. Lakini wamesema upumzike kwanza, mpaka ipone."

"Na ikikataa kupona?"

Hilo Maina hakuwa ametumwa nalo. Aliangalia chini, akasema pole, akasema tena pole, kisha akarudi kwa wenzake. Lori likawabeba kwenda kunywa chai mjini Gilgil, na Rahab akabaki na sufuria la maharagwe likitokota na chapati zilizopangwa juu ya meza, zikiwa bado na joto, zimefunikwa kitambaa cheupe alichokipiga pasi mwenyewe.

Kidonda kilikuwa kwenye shavu la kushoto. Kilianza kama chunusi, kikawa kama mahali mbu alipouma, halafu kikatanuka pole pole mpaka kikawa duara lenye kingo zilizoinuka kama mdomo wa kibakuli, katikati pakiwa pabichi. Mwenye duka la dawa alimuuzia mafuta, kisha vidonge, kisha mafuta mengine. Kidonda hakikujali. Wala hakikuuma, na hilo ndilo lililomtisha Rahab kuliko yote. Aliwahi kuungua mafuta ya kukaangia, aliwahi kukatwa na kisu, na mwili ulilalamika ukapona. Huu sasa ulikuwa unaliwa kimya kimya.

Alifunga kibanda kabla ya saa sita. Maharagwe akampa mbwa wa jirani.

*

Kanisani walimshughulikia kwa upole, na upole huo ulichoma zaidi.

Kulikuwa na kikundi cha akina mama cha maombi ambacho kila Alhamisi kilishuka msituni, kwenye pango lililo chini ya majabali, kikakesha humo. Lilikuwa pango pana na kavu, lenye sauti nzuri ya kuimba. Wenyeji wake walikuwa pimbi, wanyama wadogo kama sungura, waliokimbilia nyufani kila wanawake walipoingia na blanketi zao. Rahab hakuwahi kukosa. Kiongozi wao alikuwa mwanamke mrefu wa makamo aitwaye Cheptanui, ingawa hakuna aliyemwita hivyo. Kwa wote alikuwa Mama Kiplangat. Alifunga kitambaa kichwani kikashuka chini ya masikio, na akiomba hata wanaume waliokuwa wakipita juu na ng'ombe wao walisimama.

Jumapili ile baada ya ibada kulikuwa na chakula cha wageni. Wenzake walipakuliwa pilau kwenye sahani za bati za kanisa. Rahab alipofika mbele, msichana aliyekuwa akipakua alisita, akaangalia nyuma, kisha akatoa chini ya meza sahani ya plastiki ya kutupa. Moja tu. Ilikuwa imewekwa huko makusudi. Rahab aliipokea, akashukuru, akala amesimama karibu na tangi la maji.

Hapo ndipo Mama Kiplangat alipomfuata, akasimama mbali kidogo.

"Rahab, hakuna mtu anakuhukumu."

"Asante, Mama Kiplangat."

"Lakini tumekuombea sana, na kitu hakisongi. Wengine wanauliza kama kuna jambo umelificha. Mimi sisemi liko. Nasema tu, kama liko, litoe."

"Jambo gani?"

"Hilo ni lako na Mungu." Mama Kiplangat alivuta kitambaa chake, akakikaza shingoni. "Kwa sasa usishuke pangoni. Baki nyumbani, sisi tutakubeba kwa maombi."

Rahab alitembea kwenda nyumbani akijikagua njia nzima. Aliikumbuka siku aliyomtukana shemeji yake. Akakumbuka sukari aliyompunguzia mteja. Alipofika langoni alikuwa amekusanya dhambi za maisha yote, na hakuna hata moja iliyoonekana kubwa kiasi cha kula uso wa mtu.

*

Mume wake, Thuo, alikuwa fundi wa milango na madirisha, mtu wa maneno machache aliyetoka Elburgon, mji wa mbao. Tangu kidonda kipanuke alihamia kwenye kochi la sebuleni. Alisema ni mgongo, eti godoro limelegea. Rahab hakubisha. Alimwandalia chakula, naye alikula akiangalia ukuta, au runinga hata ikiwa imezimwa. Zilipita wiki nyingi bila macho yao kukutana. Usiku Rahab alisikia kochi likilia chini ya uzito wake, akijua hata yeye hajalala.

Jackie, binti yao, alikuwa mtaani Karagita akifunga maua ya kusafirishwa kwenye shamba moja la waridi kando ya ziwa. Alipopiga simu mama yake alimwambia mambo ni sawa, mvua imenyesha, biashara inaenda.

"Mama, nimesikia Maina amekula mjini."

"Amekuambia nani?"

"Si muhimu. Kibanda kimefungwa?"

Rahab akaanza tena habari za mvua, na siku ya mapumziko ya Jackie ilipofika, binti huyo akaingia uani bila kubisha, na mkoba wake begani. Rahab alikuwa anafua. Hakupata nafasi ya kugeuza uso.

Jackie alisimama akaangalia. Kisha akauweka mkoba chini kwenye matope, jambo ambalo hangelifanya siku nyingine.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefanya nini, mwanangu?"

"Ningekuja."

Aliingia ndani akamkuta baba yake. Rahab alisikia yote akiwa na shati la Thuo mkononi, linachuruzika.

"Baba, kesho tunampeleka Mama hospitali."

"Ameenda kwa duka la dawa."

"Duka la dawa si hospitali. Na wewe unakuja."

"Nina milango ya watu."

"Milango itangoja."

Thuo alitoka kwa mlango wa nyuma, na muda si muda msumeno ukasikika. Rahab alichungulia. Alikuwa akikata vipande ambavyo tayari vilikuwa vimekatwa, akivifanya vifupi na vifupi zaidi, mpaka vikawa havifai kwa chochote ila kuni.

Lakini asubuhi alikuwa wa kwanza kuvaa viatu.

*

Kwenye hospitali ya serikali walipokewa na daktari kijana aitwaye Odero, aliyekuwa na macho mekundu ya mtu aliyelala kidogo. Alivaa glavu, akausogeza uso wa Rahab kwenye mwanga wa dirisha, akauangalia muda mrefu bila kukunja pua. Rahab alihesabu hilo kuwa zawadi.

"Unaishi wapi, mama?"

Akamwambia.

"Karibu na msitu. Unaingia ndani? Kuni, mbuzi?"

"Kuni mara moja moja."

"Unalala nje? Kwenye majabali, pangoni?"

Rahab alisita. Pango lilikuwa la kikundi, na mambo ya kikundi hayakuwa ya kila mtu. Jackie akamgusa kiwiko.

"Tunakesha huko," akasema hatimaye. "Kwa maombi. Kila Alhamisi."

"Na pimbi wako?"

"Wako wengi."

Odero akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata ufunguo mfukoni mwake mwenyewe. Alikwangua ukingo wa kidonda kwa wembe mdogo, akapaka alichopata kwenye kioo, akawaambia wangoje matokeo ya maabara.

Walikaa kwenye benchi. Jackie akaenda kutafuta chai. Thuo alikuwa amekaa upande wa kidonda, mikono katikati ya magoti, na alipoanza kusema ilikuwa kana kwamba anazungumza na sakafu.

"Mama yangu alikuwa nacho. Hapa, kando ya pua."

Rahab akamgeukia. Walikuwa wameoana miaka mingi, na alijua tu kwamba mama mkwe alikufa kabla hawajakutana.

"Hakikumuuma. Alisema ni kidudu kimemuuma shambani. Tukakaa nacho. Tulipompeleka, wakasema ni kansa, na imeshaingia ndani." Thuo alisugua magoti. "Mimi ndiye nilipiga misumari kwa jeneza lake. Sasa kila nikikuangalia, Rahab, nilikuwa naona hizo mbao."

"Nilidhani unaona uchafu."

"Hapana." Akamwangalia, mara ya kwanza tangu kiangazi, moja kwa moja, kidonda na vyote. "Hapana. Nilikuwa naogopa kukuangalia, basi."

Rahab alitaka kumkemea. Alitaka kumwambia ni siku ngapi alizolala akijinusa kama nyama iliyooza. Lakini Thuo alikuwa ameinamia tena sakafu, mtu mzima yule, na Rahab akajikuta amemwekea mkono mgongoni, pale pale alipodai panauma.

Odero alipowaita, Jackie alikuwa amerudi na vikombe vya chai ambavyo hakuna aliyevigusa.

"Si kansa," daktari akasema kabla hawajakaa. "Na si ukoma, kama mlikuwa mnawaza huo. Inaitwa lishmania ya ngozi. Inaletwa na usubi."

"Usubi?" Rahab akauliza. "Tule tududu kama vumbi?"

"Huwasikii, hawalii kama mbu. Wanaishi kwenye nyufa za mapango pamoja na pimbi. Usiku wanakunywa damu ya pimbi, halafu wanakunywa yako, na ugonjwa unavuka. Kidonda kinatokea baadaye sana, ndiyo maana mtu hakumbuki."

Thuo akajisafisha koo. "Inaambukiza?"

"Mkila naye, mkishikana mikono, mkilala kitanda kimoja, hakuna kitu. Msambazaji ni usubi peke yake."

Thuo akamwangalia Rahab, Rahab akamwangalia Jackie, na Jackie akaanza kusoma kwa makini bango la chanjo lililokuwa ukutani.

"Itapona?"

"Kuna sindano. Ni za kila siku, kwa wiki kadhaa, na sitawadanganya, zinauma sana. Kutabaki alama. Lakini itapona."

"Rudia hiyo ya mwisho," Thuo akasema.

"Itapona, mzee."

Thuo akainuka akatoka bila kuaga. Walimkuta nje kwenye bomba, akinawa uso, akiufuta kwa kofia, kisha akiunawa tena. Alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka kwa namna ya mtu aliyesahau jinsi ya kucheka na sasa anajaribu sehemu moja moja, na watu waliokuwa wakingoja maji na mitungi yao walisogea wakamwachia nafasi.

Usiku huo kochi lilibaki tupu. Mgongo wake, alisema, umepata nafuu ya ghafla.

*

Sindano ziliuma kama Odero alivyoahidi. Ziliingia kuzunguka kidonda chenyewe, na Rahab aliuma pindo la leso yake mpaka likatoboka. Lakini baada ya siku chache palianza kukauka. Kingo zikashuka. Asubuhi moja alijitazama kwenye kioo cha Thuo cha kunyolea, akaona ngozi mpya, nyembamba na ya waridi, ikitambaa kuelekea katikati.

Siku ya kwanza kabisa Odero alikuwa amemwambia kitu kingine. "Hao wengine mnaolala nao huko, waambie waje. Kama wewe unacho, hauko peke yako."

Hakuwaambia. Kila alipowaza kwenda, aliiona ile sahani ya plastiki.

"Waache," Thuo alimwambia. "Walisema umetenda dhambi. Wakae na utakatifu wao."

Rahab alikubaliana naye, na kwa siku kadhaa alifurahia kukubaliana huko. Kulikuwa na utamu wa siri katika kuwaona wakipita na blanketi zao Alhamisi jioni, akijua asilolijua mtu mwingine yeyote. Mpaka Alhamisi iliyofuata, alipowaona wakipita, na nyuma kabisa alikuwa Emmy, mke mdogo wa mwenye posho mili, kinu cha kusagia unga, amembeba mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa na miezi michache. Kichwa chake kilining'inia nje ya shuka, upara mtupu, laini, mashavu yamevimba kwa maziwa.

Rahab akatoka mbio hadi barabarani.

"Emmy, rudi nyumbani na huyo mtoto."

"Kwa nini, Mama Jackie?"

"Rudi tu leo. Nitakueleza kesho. Tafadhali."

Pengine ni kwa sababu hakuwahi kumsikia Rahab akisema tafadhali kwa sauti hiyo, Emmy alirudi. Na Rahab, kwa kuwa sasa alikuwa ameshaanza, hakuwa na njia ila kumaliza.

*

Alimkuta Mama Kiplangat uani kesho yake, akipukuchua mahindi. Hakumkaribisha kwenye kiti, kwa hiyo Rahab akakaa juu ya gunia. Alieleza yote: usubi, pimbi, wembe, sindano. Mama Kiplangat alipukuchua bila kuinua macho.

"Unataka kusema Mungu alitupeleka mahali pabaya."

"Sisemi juu ya Mungu. Nasema juu ya usubi."

"Nimeomba katika lile pango tangu Kiplangat akiwa tumboni."

"Najua."

"Mume wangu aliacha pombe kwa sababu ya lile pango."

"Najua, Mama Kiplangat. Sikuja kubishana. Nimekuja kusema kuna dawa, na daktari hana maringo. Kama kuna mwenye kidonda, aje. Basi."

Akainuka kuondoka. Alikuwa amefika kwenye mlango wa uzio aliposikia mahindi yamenyamaza.

"Rahab."

Alipogeuka, Mama Kiplangat alikuwa anafungua kitambaa. Alikifungua taratibu, fundo la kwanza, fundo la pili, akakiweka mapajani. Sikio lake la kulia lilikuwa limeliwa. Nusu ya juu haikuwepo. Mahali pake palikuwa na ukingo mbichi, ulioinuka, ambao Rahab aliujua kama anavyoujua mlango wa nyumba yake.

"Tangu lini?"

"Kabla ya chako."

Kuku alipita kati yao akidonoa punje zilizomwagika.

"Ulipoanza kuonyesha uso wako," Mama Kiplangat alisema, na sauti ile iliyosimamisha watu barabarani sasa ilikuwa ndogo, "nilishukuru. Mungu ananijua. Nilishukuru kwamba sasa watu watakuangalia wewe."

Rahab alihisi damu ikimpanda. Maneno yalimjaa mdomoni, na yote yalikuwa ya haki. Alikumbuka akijikagua njia nzima kutoka kanisani, akihesabu vijiko vya sukari. Huyu mwanamke alijua. Alisimama mbele yake akamwambia alitoe jambo lake, na jambo lilikuwa chini ya kitambaa.

Rahab alisimama hapo mpaka hasira ikamfikia shingoni. Kisha akaliangalia tena lile sikio, na mkono wa Mama Kiplangat uliokuwa umepanda bila mwenyewe kujua, umeganda hewani karibu nalo, kama mtu anayekinga mshumaa kwa upepo.

"Linauma?" Rahab akauliza.

"Hapana."

"Langu pia halikuuma. Sindano ndiyo inauma. Uje na leso nzito."

*

Walienda wanane. Mmoja alikuwa na kidonda kwenye pua, mwingine kifundoni, mwingine alidhani ni kuumwa na buibui. Wawili hawakuwa na chochote ila hofu, na Odero akawaambia hofu yao haina sindano. Alimkagua mtoto wa Emmy kutoka utosini hadi kwenye nyayo, akamrudishia mama yake, akasema ngozi ni safi ila warudi wakiona chunusi isiyoondoka. Emmy akalia wakati ambapo wengine wote walikuwa wanacheka.

Mama Kiplangat aliingia wa kwanza na kitambaa mkononi. Mlangoni aligeuka. "Rahab, njoo tuingie pamoja," akasema, na wakaingia.

Baadaye walikaa kwenye nyasi nje ya hospitali wakijadili Alhamisi. Pango hakuna tena. Odero alikuwa amewaeleza hilo bila kuzungukazunguka. Kanisani kulikuwa na mazoezi ya kwaya. Nyumbani kwa Emmy posho mili ingewazidi kwa kelele.

"Kibanda cha Mama Jackie kiko tupu," Mama Kiplangat akasema. "Na tuanze mchana, kabla ya tududu kuamka."

Wote walijua kwa nini kibanda kiko tupu.

"Chai mtalipa," Rahab akasema.

Walicheka mpaka askari wa lango akaja kuona kuna nini.

Alhamisi hiyo Rahab aliwasha jiko mapema. Thuo alikuwa amegonga benchi jipya kutokana na mbao zilizobaki. Wanawake walifika mmoja mmoja wakiwa na plasta puani, sikioni, mguuni, wakabanana chini ya mabati, wakaanza kuimba, na Mama Kiplangat akaachilia sauti yake yote barabarani, kichwa wazi.

Wachimba mawe walikuwa wanashuka kutoka machimboni. Wakasimama ng'ambo. Walinong'ona kwa muda. Kisha Maina akavuka, na safari hii ilionekana hakuna aliyemtuma, kwa sababu nyuma yake waliendelea kumwita arudi. Akaja akasimama mbele ya meza, akauangalia uso wa Rahab, ile alama ya waridi iliyokuwa imebaki, hakujifanya haioni.

"Mama Jackie, chapati ziko?"

"Ziko," Rahab akasema. "Lakini kaa chini kidogo. Tunamaliza wimbo."

Maina akavuta benchi akakaa kati ya Emmy na Mama Kiplangat, akaiweka kofia magotini, akangoja.